Jiko la Chuma Nililoliandika Kuwa Bovu



Kazi ya karani wa parokia ni kuandika. Naandika vyeti vya ubatizo, matangazo ya ndoa na hesabu ya sadaka, na kila mwaka kabla ya Noeli naandika orodha ya mali: viti, meza, taa, vyombo vya altare, majembe, hata ndoo. Kila kitu kina mstari wake, na mwisho wa mstari kuna nafasi ndogo ya kuonyesha hali yake, kama ni kizima au ni kibovu. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliingia katika nyumba ya zamani ya mapadre, iliyo nyuma ya sakristia, nikakuta jikoni dude kubwa jeusi, limejaa kutu na mavi ya panya, na juu yake mifuko miwili ya saruji iliyoganda. Nikavuta mlango wake mmoja, ukakataa. Basi nikaandika: "Jiko la kuni la chuma, 1, bovu." Nikaendelea na makabati.

Herufi nne tu, lakini zimenisumbua miaka mitatu. Nataka kuwasimulieni habari zake, kwa kuwa dude lile sasa ndilo linalotupikia, linalotupasha joto, na mwaka jana nusura liuzwe kwa kilo kwa sababu ya kalamu yangu.

Parokia yetu iko upande wa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Ninyi mnaosoma gazeti hili mkiwa Tanga au Mtwara huku mkijipepea, fahamuni kwamba kwetu mwezi wa Juni na Julai mtu huvaa koti hata ndani ya kanisa, na asubuhi nyingine majani ya bondeni huwa meupe kwa jalidi. Nyumba mpya ya mapadre ilipokwisha kujengwa, Baba Paroko aliniita akasema, "Karani, unalipa kodi mjini bure. Hamia nyumba ya zamani, uizuie isianguke." Tukahamia mwezi wa Mei. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yetu ya kwanza baada ya miaka minne ya kungoja. Mwanzoni mwa Julai mtoto akaja kabla ya wakati wake, wa kike, mwepesi kuliko pakiti mbili za sukari.

Walikaa hospitali majuma matatu. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alituagiza mambo mawili: mtoto akae kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, na chumba kiwe na joto. La kwanza lilikuwa rahisi. La pili, katika nyumba ile ya mawe yenye dari ya juu na madirisha yasiyofunga sawasawa, lilitutoa machozi. Mama yangu, aliyekuja kumtunza mkamwana wake, aliwasha jiko la makaa akalileta chumbani, kama watu wengi wa kwetu wafanyavyo. Nikalitoa nje. Akakasirika. "Kwani wewe ulikua kwa joto gani?" Lakini kila msimu wa baridi twasikia habari za watu waliojifungia na jiko la makaa wakalala, wasiamke, maana makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mimi mwenyewe nimeandika majina ya watu wa namna hiyo katika kitabu cha wafu. Sikuwa tayari kuandika jina la nyumbani kwangu.

Katika siku hizo alikuja mzee mmoja kumwona mtoto, ameshika mayai sita katika kofia yake. Mzee huyu alianza kazi ya jikoni kwa mapadre akiwa kijana mdogo, mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akapika humo humo katika nyumba yetu miaka mingi. Tulimpa shikamoo, akatujibu kwa Kikwetu, "Kamwene," akamtazama mtoto, kisha akatutazama sisi.

"Mwanangu, mbona mnatetemeka, na jiko lipo?"

"Babu, lile ni bovu."

"Nani kasema?"

Nikanyamaza, maana aliyesema ni mimi.

Siku tatu tulifanya kazi pamoja. Tuliliparua kutu kwa burashi ya waya na mchanga. Katika bomba la moshi tulitoa kiota cha ndege na masizi ya kujaza debe zima. Mlango uliokataa ulipakwa mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi ukafunguka kwa kidole. Nyufa zilizokuwa kati ya mabamba alizikandika kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Mwisho tulilisugua lote kwa mafuta ya ng'ombe hata likang'aa. Siku ya nne jioni aliweka vibanzi vya mwati, akawasha kwa kiberiti kimoja, akasimama kando mikono nyuma. Moshi ulitutoka machoni kwa dakika chache, kisha tukausikia ukivutwa bombani kwa sauti kama mtu anayenywa uji wa moto. Baada ya saa moja ukuta wa chumba cha pili, ambao jiko limeupa mgongo, ulikuwa na uvuguvugu. Tulihamisha kitanda tukakiegemeza pale. Mke wangu alilala na mtoto kifuani, mgongo wake ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu watoke hospitali alilala usingizi. Mimi sikulala. Nilikaa jikoni nikitia kuni moja moja, nikiogopa usizimike.

Yafaa niwaelezeni jiko lenyewe, kwa ajili ya wale wasiopata kuliona. Ni sanduku la chuma nene lenye miguu minne mifupi, kimo chake kama meza ya kusomea. Kushoto kuna chumba cha moto kisichozidi ndoo mbili kwa ukubwa. Chini yake chaga, na chini ya chaga droo ya majivu. Katikati kuna tanuri yenye mlango wake. Kulia kuna hodhi dogo la maji, kama lita 20. Juu ni bamba lenye matundu yaliyofunikwa kwa pete, pete ndani ya pete, ili utoe moja au mbili kwa kadiri ya sufuria yako. Nyuma limesimama bomba linalopita darini hadi nje.

Siri iko katika kibati kidogo kilichojificha huko nyuma. Ukikifungua, moshi huingia bombani moja kwa moja, na hivyo ndivyo moto uwashwavyo. Moto ukishika wakisukuma, na sasa ule moshi wenye joto hauna njia ila kupita juu ya tanuri, ukashuka ubavuni mwake, ukazunguka chini yake, ndipo upate ruhusa ya kutoka. Moshi ule ule, ambao kwa mafiga matatu hupotea machoni pa mama zetu, hapa hulazimishwa kufanya kazi kwanza. Kuna na kibati cha pili, ndani ya bomba lenyewe, cha kupunguza mvuto usiku ili moto ulale polepole. Nitarudi kwa kibati hicho, kwa aibu.

Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu hawezi kukaa na kitu bila kuuliza kilitoka wapi. Nimesoma kwamba kazi hii ya kuufungia moto ndani ilipata nguvu huko Munich, Ujerumani, katika miaka ya 1790, kwa mtu aliyezaliwa Marekani jina lake Benjamin Thompson, ambaye baadaye aliitwa Count Rumford. Alikuwa akilisha maskini wengi kwa supu, akaona kwamba moto ulio wazi hupasha joto hewa na mpishi zaidi kuliko chungu. Akajenga majiko ya matofali yaliyofungwa, yenye njia za moshi na vibati vya kuzuia hewa. Katika karne iliyofuata mafundi wa chuma wakayafanya madogo ya kuingia nyumba za watu, na huko Uingereza yakala makaa ya mawe badala ya kuni. Kisha kuna Mswidi, Gustaf Dalén, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake juu ya taa za minara ya baharini. Mwaka huo huo mtungi wa gesi ulimlipukia akapofuka macho yote mawili. Husimuliwa kwamba alipokaa nyumbani gizani alitambua jinsi mke wake alivyochoka kwa kuhudumia jiko siku nzima. Mwaka 1922 akatoa jiko lake, Aga, la chuma kizito kinachoweka joto na kulitoa kidogo kidogo. Mara nyingi nikiwa jikoni usiku humfikiri kipofu yule. Sisi wenye macho twamtazama mke akihangaika na jiko miaka ishirini, wala hatuoni kitu.

Letu si Aga, ni la kawaida kabisa, wala halina jina ila namba iliyofutika mlangoni. Hata hivyo limetufundisha adabu. Kwanza lilitufundisha kungoja. Gesi waiwasha, chai tayari, watoka. Jiko hili huamshwa. Naondoa majivu saa kumi na moja alfajiri, naacha makaa mekundu machache yaliyolala, naweka juu yake vibanzi, kisha mti mwembamba, kisha mnene. Kengele ya Malaika wa Bwana ikilia saa kumi na mbili, birika limeanza kuimba. Nimekuja kuipenda ile nusu saa ya kwanza, nyumba kimya, miguu juu ya kiti karibu na mlango wa tanuri. Nadhani nimesali vizuri zaidi pale kuliko nilivyosali katika benchi langu kanisani, ingawa Baba Paroko akisoma haya sijui atasema nini.

Pili, bamba lake si mahali pamoja, ni kama kijiji. Juu ya moto ni kwa kuchemsha. Katikati ni kwa mchuzi. Pembeni kulia, karibu na hodhi, ni pa kuweka sufuria ya uji ya mtu atakayechelewa. Hugeuzi kitufe, wasogeza chungu tu. Makande ndiyo mapenzi yangu. Mahindi na maharage yakiwekwa katika tanuri saa mbili za usiku, mfuniko umebanwa, moto umepunguzwa, alfajiri hufunguliwa yameiva mpaka ndani, hakuna punje iliyopasuka wala iliyoshika chini. Viazi mviringo vikichomwa na maganda yake humo, vikapasuliwa na kutiwa chumvi, mtoto wetu hula viwili akaomba cha tatu. Nguo zake za kwanza zilikauka juu ya kamba iliyopita nyuma ya bomba, tena katika Julai ambayo nguo za jirani zilikaa siku nne uani zikinuka. Maji ya kuoga yapo muda wote. Msiniulize ni starehe gani kwa karani kunyoa ndevu kwa maji ya moto mwezi wa Julai.

Mkate ulikuwa vita. Wa kwanza ulitoka mweusi nje, mbichi ndani, na mbwa aliukataa. Mzee akanifundisha kipimo chake. Alinyunyiza unga kidogo katika sakafu ya tanuri, akaanza kusali, Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, bila haraka. Unga ukiwa mweusi kabla ya amina ya kwanza, acha mlango wazi kidogo. Ukibaki mweupe hata mwisho, ongeza kuni. Ukiwa wa rangi ya kahawia kama ngozi ya kiazi mwishoni mwa sala, ingiza mkate. Kipimo hicho hakijanidanganya ila siku nilipokuwa na haraka, na siku hiyo aliyedanganya ni mimi, kwa kusali mbio.

Na watu. Tulikuwa na sebule yenye viti vya kupendeza, zawadi ya arusi yetu. Hakuna anayekaa humo. Katekista akija na majina ya wabatizwa huingia kwa mlango wa jikoni. Waimbaji wakitoka mazoezini Alhamisi hupita kupasha mikono, na kwa bahati mbaya huendelea kuimba. Watoto wawili wa jirani hufanya hesabu zao mezani petu kwa sababu, wasema, vidole vyao huku hukubali kushika kalamu. Mama yangu, aliyekuja kwa mwezi mmoja, yupo mwaka wa tatu.

Huyu mama ndiye aliyeniondolea ulevi wa kulisifu mno. Amepika miaka zaidi ya hamsini juu ya mafiga, macho yake ni mekundu siku zote, na kifua chake hulia akipanda kilima cha kanisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa jikoni uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee. Nikisoma hesabu hiyo sioni milioni, namwona yeye ameinama anapuliza. Kikohozi chake kimepungua tangu aje, kwa kuwa moshi hutoka kwa bomba. Lakini ugali hataki kuusonga juu ya jiko hili. Sufuria huteleza juu ya bamba, haishikwi kama mafiga yanavyoshika, na hata ukitoa pete ukaizamisha katika tundu, ni lazima usimame. "Ugali hausongwi umesimama kama askari," asema. Basi ugali husongwa kwa gesi, mtungi mdogo ulio pembeni, na mama akiwa ameketi juu ya kigoda.

Gharama zake ni hizi. Katika miezi ya baridi jiko hula mkokoteni mmoja wa kuni kwa majuma mawili. Twanunua mwati uliokwisha kuvuliwa magome, ambao huwaka kwa joto kali na kuacha majivu machache. Mkaratusi nao wafaa, bali msindano hurusha cheche na kupaka bomba lami. Kuni hazifai kabla hazijakauka, na kukauka maana yake ni kukaa chini ya paa nusu mwaka au zaidi. Kuanzia Novemba, joto likija na mvua, twaliacha lipoe, tukiliwasha Jumamosi tu. Bomba husafishwa kila mwezi, nami hutoka nikifanana na fundi wa magari. Ukimwaga maji baridi juu ya bamba lililo moto, chuma hupasuka, na hakuna duka litakalokuuzia kingine.

Sasa lile la aibu. Mwaka wa pili, mwishoni mwa masika, kuni zetu kavu zilikwisha, nikaanza kutia mbichi kwa kusema "zitakaukia humo humo." Majuma matatu nilifanya hivyo. Fundi mmoja alikuwa ameniuzia kipande cha bomba cha bati jembamba, nalo likaziba lami upande wa ndani bila mimi kujua. Usiku mmoja wa baridi nilitaka moto ufike asubuhi, nikakifunga kile kibati cha pili kabisa, nikalala. Mama yangu aliamka saa nane usiku kichwa kikimgonga, akaenda kunywa maji, akaanguka mlangoni. Kuanguka kwake ndiko kulikotuamsha. Tulifungua kila dirisha, tukatoka uani na mtoto amefungwa blanketi, sote tukitapika. Mtoto alilia, nasi tulishukuru kwa kilio kile.

Nilimkataza mama yangu jiko la makaa, kisha mimi msomi nikafanya yale yale kwa jiko kubwa zaidi. Mke wangu hakuniambia neno baya. Hakuniambia neno lolote, siku mbili. Siku ya tatu alileta patasi na nyundo, akaniambia nikate tundu katika kibati kile, kisiweze tena kuziba bomba lote hata mtu akitaka. Nikakata. Dirisha la jikoni halifungwi kabisa tangu siku hiyo, baridi iwe ya namna gani. Kipande kile cha bomba nilikitupa, nikanunua kizito. Na kuni mbichi haziingii nyumbani kwangu, hata za zawadi.

Hivyo basi, katika mkutano wa Halmashauri ya Parokia Novemba iliyopita, mweka hazina aliposimama sikuwa na kiburi cha kumjibu. Upepo ulikuwa umeezua kanisa la kigango chetu kimoja, na yalipungua mabati matano. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita na pikapu yake akaliona jiko kupitia dirishani. Alisema watu wanne hawataliinua, lazima wawe sita. Bei aliyotoa ilikaribia kabisa mabati matano. Mweka hazina alieleza kwa upole: Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, unaotaka watu 80 kwa kila 100 wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034, parokia haiwezi kuhubiri utunzaji wa misitu huku karani wake anachoma mkokoteni. "Na zaidi ya hayo," akasema, akifungua daftari, "kwa orodha ya karani mwenyewe, jiko hili ni bovu. Limeandikwa hivyo miaka miwili mfululizo."

Ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata nilikuwa nimenakili orodha ya kwanza bila kuisoma.

Nami ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za mkutano. Niliweka kalamu chini nikaomba ruhusa ya kusema, jambo ambalo karani hafanyi. Niliwaambia kwamba neno ni langu na ni la uongo. Niliwaambia habari za mtoto, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza kukiri, niliwaambia na usiku wa bomba. Kuhusu misitu nilisema asemavyo mweka hazina ni haki, wala sina jibu kamili. Nimepanda miche 60 ya miwati katika mpaka wa shamba la parokia, lakini mwati hukatwa ukiwa na miaka minane au kumi, na jiko lala leo. Watu walikuwa kimya. Ndipo mama mmoja wa WAWATA akauliza, "Ule mkate wa Jumapili anaopewa Baba Paroko, watoka humo?" Wakasema ndiyo. "Basi auze mkate," akasema, "alipe mabati."

Baba Paroko akaamua hivyo. Jiko likae hadi Noeli ya mwaka huu. Faida ya mkate iingie katika mfuko wa kigango. Yasipotimia mabati matano, mnunuzi aitwe. Nikayaandika yote, pamoja na sharti la mwisho, kwa mkono usiotulia.

Tangu Januari kila Jumamosi naoka mikate kumi, mitano mitano, nayo huuzwa baada ya Misa ya pili. Katika Kwaresima biashara ilikuwa mbaya. Baada ya Pasaka ilipanda, na mweka hazina mwenyewe hununua miwili, ingawa asema ni kwa ajili ya wageni. Hesabu ya leo, mwezi wa Juni, ni mabati matatu yaliyokwisha kupigwa misumari kigangoni. Mtoto, ambaye karibu atatimiza miaka mitatu, kazi yake ni kunyunyiza unga katika sakafu ya tanuri kwa kijiko kirefu. Salamu Maria amekwisha kuijua, ila husali upesi kupita kiasi, na bibi yake humrudisha mwanzo.

Orodha ya mali ya mwaka uliopita nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nikaweka sahihi yangu pembeni kama taratibu zitakavyo. Sasa yasomeka: "Jiko la kuni la chuma, 1, zima. Mlango wa majivu hufungwa kwa waya."

Yamebaki mabati mawili.